Kwaya Iliyoambiwa Ichafuke

Sauti ya Mama Besi ilikuwa nzito kuliko ya mwanamume yeyote aliyelala kwenye baraza la duka la samani, na ndiyo iliyompa jina. Zamani, alipokuwa na chumba chake na kazi ya kupiga pasi hotelini, aliionea haya. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba anaimba kama trekta linalokataa kuwaka.

Kisha mwenye nyumba akauza. Mnunuzi akaja na mafundi, wakaezua paa huku wapangaji wamo ndani wanakunywa chai. Hoteli nayo ikaleta mashine, ikawapa mkono wa kwaheri wapiga pasi wote. Mama Besi akajikuta barazani na begi moja na blanketi.

Kwenye ukumbi wa shirika la misaada alifuata mkate, si muziki. Lakini kila Jumamosi mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuja pale na gitaa la shirika, akiwafundisha kuimba watu wasio na makazi. Siku hiyo Mama Besi alijisahau, akaitikia.

Mwalimu akasimamisha gitaa. "Mama, sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

"Niliambiwa ni ya trekta."

"Basi trekta tumelipata. Njoo utuvute."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka nao. Tangu hapo hakukosa. Aliyepiga ngoma alikuwa Fundi Saa, mzee ambaye mikono ilianza kumtetemeka akafukuzwa kwenye meza ya kutengenezea saa. Akishika ndoo ya plastiki na vijiti viwili, mikono hiyo hiyo ilitulia tuli.

Shirika likatangaza onyesho mbele ya wafadhili. Mama Besi akamwendea dobi mmoja waliyefahamiana tangu enzi za hoteli, akamwomba ua wake na pasi ya mkaa. Akafua nguo za kwaya nzima, akashona vifungo, akanyoosha kola mpaka zikasimama. Wanaume walisubiri wamejifunga mashuka. Fundi Saa aliangukiwa na shuka la maua makubwa mekundu.

"Nani anaolewa leo?" dobi akauliza.

"Fanyeni haraka, shemeji," Fundi Saa akajibu, "bwana harusi asije akabadili mawazo."

Jioni ile Mama Besi alimpigia binti yake, aliyeolewa mbali, akamwambia kwa mara ya kwanza kwamba hana chumba. Binti alilia. Mama akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Kesho naimba, watatupiga picha. Zitafute uone mama yako alivyopendeza."

Walipofika ukumbini, afisa habari wa shirika aliwatazama juu mpaka chini.

"Jamani, mmependeza mno," akasema.

"Asante, baba," Mama Besi akajibu, uso umemchangamka.

"Hapana, hamjanielewa. Wafadhili lazima waguswe. Zile nguo zenu za kawaida ziko wapi?" Akavuta gunia na kumwaga sakafuni makoti yaliyochanika na fulana zenye madoa. "Kila mtu achague. Na kwenye picha msicheke."

Mama Besi akashika kola yake. "Nguo yangu ya kawaida ni hii niliyovaa."

"Mama, usituletee siasa. Ni saa moja tu."

"Kulala nje, nalala. Sikatai. Lakini huo uchafu ni wenu, umetoka kwenye gunia lenu."

Mwalimu akasema, macho kwenye viatu vyake, "Bila yeye nyimbo hazitasimama."

"Mwalimu, huu ukumbi ni wa nani?" afisa akamuuliza.

Mwalimu akaanza kukaza nyuzi za gitaa. Kitendo hicho kilimchoma Mama Besi kuliko lile gunia. Fundi Saa naye akainama, akaokota koti.

Mama Besi akatoka, na wanawake watatu wakamfuata. Nje, chini ya dirisha, wakasikia kwaya ikianza. Wimbo ulielea juu juu, haukuwa na pa kukanyaga, na katikati ukapotea kabisa. Halafu ukumbi ukalipuka kwa makofi, na kuna aliyepiga vigelegele.

"Mmesikia?" Mama Besi akasema. "Tungekohoa tu wangetupigia makofi! Hawakuja kusikiliza hawa."

Haikupita wiki, picha zikabandikwa kwenye kuta za mjini. Fundi Saa alionekana ndani ya lile koti, kola safi ikichungulia shingoni. Mama Besi alisimama mbele ya picha ile mpaka mlinzi wa jengo akamwambia aondoke.

Mwalimu alikuja barazani mikono mitupu. "Nisamehe, mama. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Wewe si una kwako?"

Lakini mwalimu alipouliza kama wangekubali kuendelea mahali pengine, Mama Besi alimpeleka uani kwa dobi, wakaanza kuimba katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Fundi Saa alichelewa sana kujitokeza. Alisimama mlangoni na ndoo.

"Njaa, dada yangu," akasema.

"Hata mimi nilikuwa na njaa."

"Najua."

Mama Besi alimwacha asimame hadi wimbo mzima uishe, kisha akamsogezea jiwe la kukalia. Hasira haikumtoka. Bado analala barazani, na ile picha ingali ukutani. Lakini sasa wapita njia husimama kwenye ua wa dobi, na juzi mama mmoja mwenye kikapu alisema kwa sauti, "Masikini, wanaimba vizuri!"

Mama Besi akakatiza wimbo. "Iondoe hiyo 'masikini,' dada, halafu useme tena."

Yule mama alitahayari, akachezea mpini wa kikapu chake. "Mnaimba vizuri," akasema.

"Haya, asante. Ingia basi, juani hapo utaungua."