Siku Niliyowaita Majirani Kunusa Banda la Simbilisi

Harufu ya maranda ya mninga hainipiti hivi hivi. Juzi niliingia karakana ya seremala mmoja pale Majengo, nikiwa nimetumwa na binti yangu. Ndiyo, nimetumwa; siku hizi wazazi ndio tunaotumwa. Rafiki yake amempa kipanya cha kizungu cha kufuga, wenyewe wanakiita hamsta, kinalala mchana kutwa na kuficha chakula mashavuni. Sasa alitaka maranda ya kukitandikia, na alitaka kujua banda lake lisafishwe mara ngapi. Alikuwa ameuliza shuleni, ameuliza kwenye simu, na kila mtu amemwambia lake. Nikamwambia, "Mwanangu, watu wote hao uliwauliza kabla yangu? Mambo nisiyoyajua ni mengi, lakini hilo nalijua mpaka mzizi wake."

Seremala alisukuma randa, maranda yakajikunja na kuanguka miguuni pangu, na mimi nikawa nimeshafika Lizaboni, mtaa wa utoto wangu, jikoni kwa mama, nina miaka kumi na simwogopi mtu.

Tulikuwa tunafuga simbilisi. Kama hujakaa huku kwetu kusini huenda huwajui: ni wanyama wadogo, wanene, hawana mkia, wapole kupita sungura, na baridi hawaiwezi kabisa. Ndiyo maana wanafugwa jikoni, karibu na moto. Kwa watu wengi walikuwa wanazurura tu chini ya kichanja cha vyombo, wakila maganda ya ndizi na majani ya viazi, na asubuhi mwenye jiko anawafagilia mavi yao nje. Kwetu walikuwa na nyumba. Baba alikuwa seremala, akaniundia banda kwa vipande vya mbao vilivyobaki karakana: mbele wavu, chini sakafu ya kuvuta kama mtoto wa meza, na mlango wenye komeo la mti. Mtaa mzima hakuna mtoto aliyekuwa na kitu kama hicho, na nilihakikisha wote wanajua.

Dume nilimwita Ndugu Katibu, kama katibu wa chama pale mtaani, kwa sababu ya tumbo lake na kwa sababu alipenda kupiga kelele kabla wenzake hawajasikia lolote. Jike nilimwita Jumapili. Watoto wao sikuwapa majina, maana watoto wa simbilisi wana kawaida ya kuishia kwenye chungu, na mimi sikupenda kumla mtu ninayemjua jina.

Utaratibu wa usafi niliuanzisha mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya shule nilitoa ile pembe iliyolowa, kwa sababu simbilisi ana adabu zake: anachagua pembe moja ya kujisaidia. Jumamosi, siku ya kufua, nilitoa matandiko yote, nikamwaga kwenye shimo la mboga, nikaweka maranda mapya. Maji nilitumia siku ya jua kali tu. Na kila mara nilibakiza konzi ya maranda ya zamani, nikayachanganya na mapya. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu kwamba nisipobakiza, Ndugu Katibu anazunguka banda zima akinung'unika na kumkimbiza mke wake, hapajui kwao. Banda langu lilikuwa linanukia mbao na majani makavu. Mama mwenyewe alikuwa anakaa pembeni yake akipepeta mchele, akiwatupia chenga na kuongea nao.

Basi ukafika ule mwezi wa sita. Baridi imeingia, ukungu unashuka kutoka milima ya Matogoro na hauondoki hadi watoto wameshatoka mapumziko. Asubuhi moja mama aliingia jikoni kukoka moto, akatoka mbio ameziba pua.

"Skola! Hebu njoo hapa. Hivi hawa wanyama wako unawasafisha kweli?"

"Nimewasafisha Jumamosi, mama."

"Wananuka. Jiko zima linanuka. Wasafishe."

Nilichungulia, nikanusa, sikusikia kitu. Lakini mama ni mama. Nikasafisha. Kesho yake akasema wananuka. Nikaanza kutoa matandiko kila baada ya siku moja, kisha kila siku, kisha asubuhi na jioni. Baba alianza kulalamika kwamba maranda yanaisha karakana kabla hajamaliza kupiga randa. Nilichukua hata sabuni ya baba, ile ya kunukia maua. Hapo ndipo utajua nilikuwa nimepania, maana ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka ya mjini yameanza kujaa, na sisi tuliozoea kuoga kwa kipande cha mche wa sabuni kilichokatwa kwa uzi tulikuwa tunaifungua sabuni ya kunukia kama zawadi ya Krismasi. Nikalisugua banda zima kwa sabuni ya kuogea ya baba yangu. Mama alifungua mlango wa jiko, ikampiga ile harufu ya maua, akageuka akaenda kutapika kwenye migomba.

Wewe unayesoma umeshaelewa, wala sikufichi. Mimi sikuelewa. Sisi watoto wa wakati ule tuliambiwa mtoto ananunuliwa hospitali ya mkoa, na niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Nilichokuwa najua ni kwamba mama yangu alikuwa ameugua malaria kali mara mbili miaka ya nyuma, mara zote mbili wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuja kukaa naye chumbani, wakiongea chini chini na nyuso za msibani, na kwamba malaria ile ikitajwa nyumbani baba anatoka nje. Nilikuwa mtoto pekee. Wengine walininong'onea kwamba kwetu hatujui kununua.

Usafi ule uliwaumiza simbilisi wangu. Mbao zikioshwa asubuhi kwenye ukungu hazikauki, na wao walilala juu ya unyevu. Jumapili akaanza kupiga chafya. Ndugu Katibu akanyamaza, na Katibu akinyamaza ujue kuna jambo. Nilikuwa nawatazama nikiwa na hasira, kwa sababu nilijua dawa yake: waachwe na harufu yao kidogo, wakauke. Lakini kila nikitaka kuwaacha, mama anapita ameziba pua.

Mwisho baba akatoa hukumu. Tulikuwa tunakula, mama amesogeza pembeni dagaa wake wa Nyasa hata hajawagusa.

"Skola, Jumamosi baba yako mdogo anakuja kutoka Mpitimbi. Atawachukua."

"Kuwachukua kwenda wapi?"

"Kwake. Ana nafasi."

Baba mdogo alikuwa na nafasi, sikatai. Nafasi yenyewe ilikuwa tumboni. Mtu yule hakuwahi kufuga hata kunguru. Nikasema, "Baba, lile banda halinuki."

"Mama yako anasikia harufu."

"Mama amekosea."

Kijiko cha baba kilisimama hewani. Kumwambia mzazi amekosea, kwa Kingoni au kwa Kiswahili, lilikuwa jambo la kuchapwa. Lakini baba alimtazama mama, mama akatazama chini, na hakuna aliyenichapa. Hilo lilinitisha kuliko fimbo.

Jumamosi baba mdogo akaja na baiskeli, na tenga limefungwa nyuma. Nikampa shikamoo, nikampa na togwa, nikamwacha na kikombe chake. Kisha nikatoka kwenda nyumba ya pili kwa Mama Hilda. Mama Hilda alikuwa anakaanga vitumbua nyumbani na kuviuza sokoni, na kwa jambo lolote lililotokea mtaani, kama Mama Hilda hakuwepo, lilihesabika halijatokea. Nilitaka shahidi, na nilitaka shahidi mwenye sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Naomba uje kwetu kunusa."

"Kunusa nini tena, jamani?"

"Banda la simbilisi. Wanataka kunihukumu bila ushahidi."

Hee! Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini alijifunga khanga akaja, na wanawake wawili waliokuwa wanasubiri vitumbua wakaja nyuma yake, maana nani angekosa. Niliwaingiza jikoni. Nikavuta ile sakafu, nikaisimamia pembeni, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema Mama Hilda, akapiga magoti na mwili wake wote ule, akaingiza kichwa. Alivuta pumzi ndefu. Akainua uso.

"Mbona hapa pananuka sabuni tu! Mtoto huyu ni msafi kuliko mimi." Wenzake nao wakanusa, wakakubali. Baba mdogo naye akaletwa akanusa, akasema yeye anasikia harufu ya nyama, na kila mtu akamzomea.

Nilihisi nimeshinda. Nikageuka kumwita mama aje asikie. Alikuwa tayari amesimama mlangoni, amekuja na ndoo ya maji kichwani kutoka bombani, anashangaa jiko lake limejaa watu. Moto ulikuwa unawaka, mafuta ya vitumbua yanamnuka Mama Hilda mikononi, sabuni inanuka, na ndani ya yote hayo mama akajaribu kusema "karibuni". Hakumaliza. Alitua ndoo haraka maji yakamwagika, akakimbilia kwenye migomba.

Mama Hilda alitazama banda. Akautazama mlango. Akamtazama baba, aliyekuwa amefika uani na sasa anachunguza kucha zake. Kisha akainuka polepole, akawaambia wale wanawake wawili, "Nyie nendeni mkatazame vitumbua vyangu visiungue," kwa sauti ambayo haikuwa na kicheko hata chembe, akamfuata mama.

Nami nikamfuata Mama Hilda, kwa sababu kesi ilikuwa yangu.

Mama alikuwa ameinama ameshika mgomba. Mama Hilda alimwekea mkono mgongoni. "Mama Skola. Tangu lini?"

Mama alianza kulia, kilio cha kujizuia.

"Na maji unabeba mwenyewe? Na kinu unatwanga mwenyewe?"

"Nikiacha, watu watajua," mama alisema. "Mara mbili walijua, Mama Hilda. Mara mbili walikuja kunipongeza, na mara mbili wakarudi kunipa pole. Siwezi tena zile pole."

"Mficha uchi hazai," Mama Hilda akamwambia, kwa upole ambao sikujua anao. Akaenda jikoni, akachukua ile ndoo, akampa baba mkononi mbele ya ndugu yake. "Bomba unalijua lilipo."

Kisha akanikuta mimi nimesimama na macho makavu, nasubiri hukumu yangu. Akasema banda liende kwake, jikoni kwake, mpaka mama apone. Niende kuwahudumia huko asubuhi na jioni. Baba mdogo akarudi Mpitimbi na tenga tupu, akilaumu njia nzima bila shaka. Nilifurahi sana siku ile, na furaha yangu yote ilikuwa ya Jumapili na Ndugu Katibu. Kwa Mama Hilda nilirudisha utaratibu wangu: pembe iliyolowa kila siku, matandiko kila wiki, maji siku ya jua, na konzi ya zamani haiondoki. Chafya zikaisha, Katibu akaanza kelele zake.

Kwetu nyumbani mambo yakabadilika kwa namna ambayo niliiona bila kuielewa. Baba akawa anachota maji alfajiri, anapishana bombani na mabinti wanaocheka. Wanawake wa jumuiya wakagawana kutwanga mahindi yetu. Mama alipelekwa hospitali mapema, akalazwa huko hadi nikaanza kumsahau sauti. Aliporudi walikuwa wamenunua mtoto wa kiume mwenye kichwa kirefu na kelele nyingi, na mimi nikauliza kama hawakuwa na mwingine.

Huyo ndiye mdogo wangu, sasa ni mtu mzima mwenye kitambi chake. Na ile kesi ya kunusa ilikuwa kichekesho cha ukoo kwa miaka, inasimuliwa kwenye kila sherehe, nami nikiisimulia kwa majivuno, kwamba nilikuwa sahihi na wakubwa wote walikosea.

Nilipobeba mimba ya huyu binti yangu wa hamsta, na harufu ya kitunguu tu inanikimbiza nje kutapika, nilimpigia mama. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nilimwambia mama nasubiri kwanza, nione kama itakaa. Ndipo akaanza kuongea jambo ambalo hakuwahi kunisimulia.

"Siku ile ulipoleta watu wanuse, nilikuchukia, Skola. Nakwambia ukweli. Nilisema huyu mtoto kaniumbua. Usiku na mchana nilikuwa nimejiandaa kumpoteza yule mtoto kimya kimya, peke yangu, nizike na niendelee kupika. Hata jina sikumfikiria. Jioni ile nikamwona baba yako anaingia na ndoo, ameloa mpaka magotini, hajui hata kubeba. Nikakaa kitandani, nikamtafutia mwanangu jina."

Kisha akaniambia nikate simu, niende nikamwambie mume wangu.