Kanzu ya Ijumaa na Mashine ya Maji Moto

Kanzu nyeupe ya baba mkwe wangu ilitoka kwenye mashine ya kufulia ikiwa ya rangi ya waridi, mbele ya wateja wote wa duka moja la Bondeni.

Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba mashine ile huchemsha maji yenyewe. Mimi, mjuzi wa kila kitu, nikamcheka. "Hayo ni vuguvugu, bwana! Naleta nguo tujaribu."

Nyumbani nikabeba furushi lililokuwa kitandani bila kulifungua, nikidhani ni nguo chafu, nikarudi dukani na kulitia lote mashineni. Kumbe mke wangu alikuwa amefunga kanzu ya babake ya Ijumaa pamoja na leso yake mpya nyekundu.

"Haya, maji moto si moto?" muuzaji akauliza, ameiinua kanzu juu.

Baba mkwe akatokea mlangoni pa duka, amenifuata na kikoi na fulana tu.

"Mwanangu, kanzu yangu i wapi? Adhana i karibu."