Sahihi Kabla ya Maneno

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Sake na stilo sita mfukoni, kana kwamba nilikuwa naenda kuandika Biblia upya. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, diploma yangu ilikuwa bado inanuka wino, na nilijiona mtu pekee aliyejua Kifaransa kuanzia ziwani hadi Masisi. Askofu Mwenyekiti, yule anayeongoza baraza la maaskofu wa kanisa letu, alinipokea mwenyewe mlangoni. Alikuwa mrefu kiasi kwamba mvua ilimfikia yeye kabla ya sisi wengine. Akazitazama stilo zangu, akaniuliza kama naandika mbio. Nikajibu kwamba naandika mbio kuliko watu wanavyosema.

“Basi, Sekretere,” akasema, “shida yako itakuwa hapo.”

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni.

Ninyi mnaoanza kazi leo, na simu inayorekodi kila kitu, sikieni jinsi tulivyofanya sisi. Sekretere wa baraza alikaa pembeni na meza yake ndogo. Hakuombwa maoni wala hakuyatoa. Alikuwa na kaye ya rasimu, daftari ambamo aliandika maneno jinsi yalivyotoka vinywani, na kikohozi ndani. Baadaye alikaa peke yake akasafisha yale maneno, yakawa PV, yaani hati rasmi ya mkutano: nani alikuja, nini kiliulizwa, nini kiliamuliwa. Maaskofu walisaini ukurasa wa mwisho, halafu kila jimbo lilipata nakala ya kusoma kanisani Jumapili. Mkutano wenyewe ulifanyika mlango umefungwa. Kwa hiyo muumini wa kijijini hakuwa na njia nyingine ya kujua askofu wake alisema nini huko. PV njo ilikuwa macho na masikio yake.

Mikutano ilizunguka: leo Sake, kesho Mweso, mara nyingine Burungu. Na barabara zetu mnazijua. Mvua ya Masisi ilishuka saa nane kamili kama mtumishi wa serikali, tena huyu wa kweli anayefika kwa wakati. Askofu ambaye saa hiyo hajaanza safari alilala matopeni pamoja na dereva wake. Ndiyo maana kila mkutano uliishia mbio, mguu mmoja ndani ya gari, PV haijaandikwa, na mimi nyuma yao natafuta sahihi.

Tulipokuwa Burungu, niliwahurumia nikaleta akili yangu ya masomo ya jioni. Niliwaambia wasaini asubuhi, baada tu ya maombi ya kufungua, kwenye karatasi nyeupe. Mimi nitaijaza jioni kwa utulivu. Walinisifu wote. Askofu Mwenyekiti alisema nimeokoa roho na magari kwa siku moja, akanipa fromaji ya Masisi, jibini ya maziwa ya ng'ombe, kubwa kama gurudumu la lori. Tuliila nyumbani hadi watoto wakaanza kulia kama ndama. Hakuna aliyeona ubaya. Tulipendana, na watu wanaopendana husaini bila kusoma.

Tena mimi nilikuwa na ugonjwa wangu mwingine. Nilipenda maneno “kwa kauli moja” kupita sukari kwenye chai. Mkutano ungeweza kugombana hadi bati litingishike, mimi nikaandika kwamba waliafikiana kwa kauli moja, nikajisikia nimewapatanisha.

Sasa njoo kwenye Chuo cha Biblia cha Walikale. Waumini wa kule walikijenga wenyewe. Mbao walizibeba mgongoni kutoka msituni, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Mkutanoni Sake ilikuja hoja ya kukihamishia Sake, maana walimu walikuwa wanashindwa kufika. Askofu wa Walikale alikuwa mtu mfupi, wa sauti ndogo, na kati ya neno lake na neno ungeweza kuchemsha maharage yakaiva. Alisema:

“Miye siwezi kujibu leo. Bale bantu njo walibeba mbao. Niende niwaulize kwanza.”

Nje mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi na madereva wanapiga honi. Askofu Mwenyekiti alimshukuru, akapita kwenye hoja nyingine. Alipokuwa anaondoka akaniita kwenye dirisha la gari, akaniambia kwenye hoja ya nne niweke kwamba tumekubaliana, kwani yule ndugu hakukataa.

Nilibaki na kaye yangu. Maneno ya Askofu wa Walikale yalikuwemo, yote. Lakini hoja tatu za kwanza zilikuwa zimemalizika vizuri kwa maneno yangu ya sukari, na ya nne bila hayo ilionekana inachechemea. Nikaandika: “Kwa kauli moja, baraza limeamua Chuo kihamie Sake.” Chini yake sahihi ya Askofu wa Walikale ilikuwa imekauka tangu asubuhi.

Gari lake likakwama njiani siku nne. PV ilisafiri kwa pikipiki. Alipofika nyumbani, ilikuwa imeshasomwa kanisani. Akakuta watu wanajua kwamba askofu wao ameuza jasho lao huko Sake, kwa mkono wake mwenyewe. Kwaya ilikataa kuimba akihubiri. Mama wa jirani, aliyemletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumamosi, alipita na sufuria yake mlangoni bila kugeuka. Mwishowe wazee wa kanisa waliandika barua wakiomba aondolewe.

Barua hiyo ilisomwa kwenye mkutano uliofuata, Mweso. Yule mzee akaitoa PV ndani ya koti, akaiweka mezani.

“Mukono iko yangu,” akasema. “Maneno haiko yangu.”

Askofu Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba kama kila mtu atakana sahihi yake, baraza halitakuwa na cha kusimamia. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Nikaelewa kwamba wanaenda kumwondoa, tena kwa huzuni ya kweli, na kwamba mimi njo nitaandika hiyo PV pia.

Ushahidi ulikuwa kwenye kaye yangu tu. Ningeweza kuwashia nayo jiko, na hakuna ambaye angejua. Nyumbani nilikuwa na watoto saba, kila mmoja na ada yake ya shule na tumbo la watu wawili. Nilisimama, kaye mkononi.

“Baba Askofu Mwenyekiti, naomba neno.”

“Sekretere haombi neno.”

“Ni kweli, Baba. Leo naomba.”

Nikasoma kaye jinsi ilivyo: siwezi kujibu leo, niende niwaulize kwanza. Nikasema kwamba “kwa kauli moja” ilitoka kwenye stilo yangu, na karatasi nyeupe zilitoka kichwani mwangu. Ya dirisha la gari sikuyasema. Hayakuwa kwenye kaye.

Askofu Mwenyekiti alivua miwani, akaiweka juu ya PV.

“Mimi njo nilimwambia aandike hivyo,” akasema. “Andika na hiyo.”

Nimewatumikia wakubwa wengi, lakini siku ile nilimpenda yule mzee mrefu kama baba aliyenizaa. Aliamuru asisaini mtu tena kabla sijasoma PV kwa sauti, kwa Kiswahili, mlango wazi na waumini wakisikiliza. Mvua ikituzuia, tutalala. Askofu wa Walikale akaongeza adhabu yake: niende kwake nikasome mwenyewe.

Nilikwenda. Matope yalinifika kwenye tai. Kanisa lilijaa, hakuna aliyeimba. Nilisoma PV mpya pamoja na kosa langu. Mama mmoja wa benchi la mbele, msimamizi wa akina mama, akasema nisome tena pale Askofu anaposema atawauliza. Nikarudia. Akasema tena. Nikarudia.

“Basi atuulize,” akasema.

Na mzee akasimama, akawauliza. Walibishana hadi jioni. Wakakubali wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasomee Sake mpaka barabara itengenezwe, wengine wabaki. Akina mama wanne walikataa kabisa. Niliandika majina yao manne, na kila mmoja alikuja kuhakikisha, kidole juu ya karatasi.

Mwaka huu nimestaafu. Kwenye mkutano wa kuniaga, dada aliyechukua meza yangu alisoma PV mlango wazi: baraza lote linahuzunika kwa kuondoka kwa sekretere wake. Askofu wa Walikale, ambaye sasa ni mzee kuliko vilima, akanyoosha mkono.

“Miye sihuzuniki,” akasema. “Nafurahi huyu apumzike. Andika.”

Dada akanigeukia, stilo juu, hajui kama ni mzaha. Nikamwambia aandike. Imeandikwa hivi: wote wanahuzunika, isipokuwa mmoja. Ndipo wakasaini.