Ukurasa Umetoka Kidogo

Walter Oduor alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Kisumu kwa miaka ishirini na miwili, na kazi kubwa ya miaka hiyo ilifanywa na koti lake. Alilitundika kwenye kiti saa mbili asubuhi, akaenda kunywa chai. Wananchi waliopanga foleni dirishani walilitazama lile koti kwa heshima, maana koti likiwapo, mwenyewe hawezi kuwa mbali. Akirudi aliwaambia faili limetoka kidogo, wajaribu kesho. Aliyasema hayo kwa adabu, hilo hatumnyimi.

Mwaka 1998 serikali ikapunguza wafanyakazi, Walter akarudi nyumbani Kondele na koti lake. Mwaka uliofuata mkewe, Dorca, akafariki. Binti yao, Apiyo, muuguzi kule Uingereza, hakuweza kuja kumzika mama yake. Karatasi zake za ukaaji zilikuwa hazijatoka, na ofisi ya huko kila mara ilimwambia ajaribu wiki ijayo.

Rehma, mwenye saiba, duka la intaneti, mjini, ndiye aliyemfundisha Walter kutengeneza ukurasa wake kwenye mtandao. Mzee akaandika kila kitu: bei ya dagaa wa omena, ugomvi wa wanakwaya, mbuzi wa jirani. Kisha akaandika mazishi ya Dorca, kutwa nzima: nani alisema nini, wimbo upi uliimbwa jeneza likiteremshwa. Akamtumia Apiyo anwani. Apiyo akajibu kwamba kwa sasa hawezi kuusoma. Moyo ukitulia atausoma.

Mtu mwingine angeuacha ukurasa pale ulipo. Karani wa masjala hawezi. Kwao faili likijaa hufungwa, likafunguliwa jingine lenye namba mpya. Kurasa za Walter zilipofika ishirini, akazipa zote namba mpya kwenye anwani zake, akajisikia kijana tena. Rehma alimwonya kwamba wenye anwani za zamani sasa hawatakuta kitu ila Kiingereza kikali cha kompyuta, ingawa anaweza kuweka maneno yake mwenyewe mahali pake. Walter hakuhitaji kufikiri. Aliandika: "Ukurasa unaoutafuta umetoka kidogo. Tafadhali jaribu tena kesho asubuhi." Akayasoma mara mbili, yakampendeza sana.

Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe ya Apiyo.

"Baba, hiyo kesho nimeijaribu mara kumi na moja, kila asubuhi kabla niingie kazini. Nataka tu kujua vile mlimzika mama. Ukurasa umeenda wapi?"

Walter alisoma, uso ukamchoma. Alimkumbuka Mama Benta wa Bondo, aliyepanda gari kuja dirishani mwaka mzima kutafuta faili la shamba la marehemu mumewe, akiuliza kwa upole huo huo limeenda wapi. Faili lilikuwa kwenye meza ya Walter, chini ya chupa ya chai. Aliona haya, haya ya kweli, pale pale mbele ya wateja wa Rehma.

Akamwomba Rehma amwonyeshe namna ya kuacha maelekezo kwenye anwani ya zamani. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Akafuta maneno yake mazuri, akaandika: "Ukurasa haukutoka. Niliuhamisha mimi, Walter Oduor, bila kukuambia. Bonyeza hapa." Katika utumishi wake wote hakuwahi kuandika barua fupi namna hiyo.

Apiyo alijibu siku ile ile.

"Nimesoma yote, Baba, nimelia. Kumbe ukurasa ulikuwa hapo tu siku zote."

Walter akachukua koti lake kwenye kiti, akalivaa, akamuuliza Rehma gari la Bondo hutoka saa ngapi.