Baba na Dona la Mama

Kama kumcheka baba mzazi ni dhambi, mie leo nimekwisha!

Miaka ya tisini, biashara ya mitumba ilipomnyookea, baba alimwacha mama kisa ugali wa dona, ule wa mahindi yasiyokobolewa.
"Mie sio kuku nile pumba!"
Akabeba kitambi chake, akahamia kwa mwanamke wa kupika sembe nyeupe.

Sasa daktari kamwambia ini limejaa mafuta. Ale dona na kunde, nyuzinyuzi zake zilishe bakteria wazuri wa tumboni.

Na hapa Tabata mtaani kwetu, dona anauza nani? Mama!

Asubuhi baba kasimama kwenye dirisha la duka la mama, mpole kama maji ya mtungini.
"Mama Zuhura, nipimie kilo mbili za dona."

Mama hata hakuinua uso.
"Siku hizi unafuga kuku wangapi?"