Mwanaume Hapimwi Uzazi

Mwanaume hapimwi uzazi. Kanuni hiyo Feruzi, seremala, aliipokea kwa baba yake, akaishika kwa bidii kuliko alivyoshika swala. Mimba ikikosekana nyumbani, anayepelekwa hospitali ni mke.

Basi Alima, mkewe, alipelekwa. Alitolewa damu, akapigwa picha ya mirija ya uzazi, akanyweshwa mizizi ya mawifi mpaka akatapika. Mwishowe daktari alimwambia hana kasoro, amlete mumewe.

"Papa Feruzi, twende tu," Alima akabembeleza. "Atakuangalia, basi."

"Aniangalie nini? Mie niko muzima. Ni weye njo hauzale."

Alisema hivyo huku akijua. Tangu ujana wake korodani ya kushoto ilimlemea kila alipopiga randa mchana kutwa amesimama. Akilala, uzito unapungua. Vidole vyake vilikwisha kukuta mafundo laini pale. Watu aliwaambia ni mgongo. Alikuwa mwoga, wala hakuna neno la heshima zaidi kwa jambo hilo. Akamwacha Alima kwa talaka, akitaja utasa, na mwanamke akarudi kwao na jina hilo.

Miaka kadhaa baadaye maumivu yalipozidi, ndipo akaenda mwenyewe. Daktari Alexis alimsimamisha, akamwambia abane pumzi na kujikamua, akapapasa.

"Papa, hii ni varikoseli. Mishipa ya damu imevimba, inatia korodani joto, mbegu zinaharibika. Tangu lini?"

"Tangu kijana."

"Na ukanyamaza? Bibi iko wapi?"

Feruzi akafunga suruali, akaenda kupigwa picha.

Picha ya ekografia ilithibitisha. Mbegu zilipopimwa zilikuwa chache na dhaifu. Alipasuliwa kidogo kinenani, mishipa ile ikafungwa. Miezi ikapita, mbegu zikaongezeka. Daktari alimwonya kwamba upasuaji hauahidi mtoto, ila sasa tumaini lipo.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Souleymane, kaka yake Alima, kuomba mkewe arudi.

"Shemeji, umechelewa," Souleymane akacheka bila furaha. "Ule tasa wako aliolewa Kilwa. Iko na mutoto ku mugongo, na tumbo ingine inakuya. Nimusalimie?"

"Umuambie ni mie njo nilikuwa mugonjwa."

"Aah, hapana! Useme weye, ku musikiti, bantu bote basikie."

Hajasema mpaka leo. Kushika kanuni ile kulimpotezea mke aliyempenda, na watoto ambao huenda wangekuwa wake.