Gonga Kwanza, Choma Baadaye

Mume wangu ni mhunzi, na anaogopa chuma. Sisemi hivyo kwa kumtania tu. Akipewa kipande kipya hukigeuzageuza kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa jirani, na kabla hajakitia motoni lazima akigonge kwa nyundo ndogo, asikilize. Chuma kizima hulia, sauti ikaenda mbali. Chenye ufa hukwaruza. Kilicho na uvungu ndani, kikazibwa pande zote, huvuma kama mtungi, na hicho ndicho kinachoua. Hewa na grisi zilizofungiwa humo zikipata moto hutafuta njia ya kutoka, na njia yenyewe inaweza kuwa tumbo lako.

Kanuni hiyo alifundishwa na baba yake, aliyeanzisha karakana yetu ya uani: chumba cha mabati nyuma ya jiko, fuawe moja, mivukuto iliyojaa viraka, na mimi pembeni nikitia mipini na kupiga msasa visu, majembe na patasi. Baba mkwe hakuwahi kuogopa mtu wala moto. Alimwita mwanawe huyu Kunguru, maana kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, tena alimwita hivyo mbele ya wateja. Mume wangu hujibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kisha anarudi kwenye kugonga vyuma vyake. Jina likaganda, hata mimi siku hizi namwita Kunguru, ingawa nikilisikia kwa wengine nanuna. Mume akichekwa, mke naye hasalimiki.

Miguu ilipoanza kumsumbua, mzee aliachiwa kigoda kando ya moto na kazi ya kupima vyuma chakavu. Anagonga, anatulia kidogo, anatoa hukumu: "Kizima," au "Tupa." Hakuwa akikosea.

Siku hiyo Kunguru alikwenda kufuata mkaa. Mzee akachagua kipande kinene kama mkono, kimejaa kutu na rangi iliyokauka. Akakigonga. Akakigonga tena. Alipokigonga mara ya tatu nikainua macho, kwa kuwa haikuwa kawaida yake.

"Kizima," akasema. "Hiki kinatoa nyundo mbili nzuri. Njoo uvukute, mwanangu."

Nikavukuta. Nani amuulize aliyemfundisha fundi?

Kunguru aliingia na gunia begani, akatupa jicho motoni, akasimama. Kutu ilikuwa imebabuka kwenye ncha moja ya kile chuma, na chini yake ilionekana pete ya kuchomelea. Mtu alikuwa ameziba bomba. Uso wa mume wangu ulisawijika. Alilishusha gunia polepole, kana kwamba na lenyewe lingeweza kulipuka.

"Acha kuvukuta," akaniambia kwa sauti ya chini. "Toka nje. Usiulize."

Nilitoka. Nisidanganye, sikumkumbuka mzee wala mume. Miguu ilinitoa yenyewe mpaka mlangoni. Nikageuka. Mzee alikuwa bado kwenye kigoda chake, koleo mkononi, anainama kukitoa kile chuma akilaze kwenye fuawe.

"Baba, toka hapo," Kunguru alisema.

Mzee hakugeuka.

"Baba. Kimezibwa hicho."

Mzee akanyoosha koleo. Nikasema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa, kiburi cha mzee huyu kitatuzika sote. Nilimchukia kabisa.

Kunguru angeweza kukimbia. Mlango ulikuwa nyuma yake. Badala yake aliingia kwenye joto lile, akamkumbatia baba yake kwa nyuma, chini ya kwapa, akamburura. Kigoda kikapinduka, koleo likaanguka, mzee akatoa matusi ambayo sikujua kama anayajua. Tukajibanza watatu nje, nyuma ya tangi la maji la uani.

Kisha pakawa kimya, na kimya hicho kilinitisha kuliko moto. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anafua nguo huku anaimba, nami nikataka kumpigia kelele anyamaze. Mzee alikuwa anajinasua.

"Chuma changu kinaungua. Niachieni, waoga nyie."

Kunguru hakumwachia. Meno yalikuwa yanamgongana.

Kikapasuka. Nilihisi ardhi ikinipiga nyayo. Bati la paa lilitoboka, makaa yakamwagika hadi mlangoni, na tulipothubutu kuchungulia, kigoda cha mzee kilikuwa kuni. Sikulia. Nilikaa chini nikashika mchanga kwa mikono yote miwili, mpaka Kunguru aliponiita tukamwage maji.

Makaa yalipozimika, mume wangu alichuchumaa mbele ya baba yake. Nilingoja amkaripie. Mimi ningemkaripia.

"Baba, ulikigonga?"

Mzee alikuwa anamtazama midomo. "Niligonga."

"Kililiaje?"

Mzee akaikagua mikono yake kama mtu anayetafuta mwiba.

"Sijui," akasema. "Mwaka wa pili huu, chuma sikisikii. Mtu akipaza sauti nasikia. Chuma, hapana."

"Na vile vyote ulivyokuwa unatupimia?"

"Nilikuwa nikigonga, nakutazama wewe usoni. Ukiogopa, natupa. Leo hukuwepo."